Nimevuruga kodi ya mradi wa watu, nikafuta ushahidi, sasa nakiri vipi?

MgebukaMkavu (Kigoma, Mwanga) – Jumanne usiku

Habari za usiku wakuu. Kodi ninayoisema hapa ni ya kompyuta sio ya TRA, mara ya mwisho nilivyoandika hivi mtu akaanza kunishauri mambo ya TIN.

Ipo hivi. Kuna kalaibrari kadogo (kodi iliyo tayari ambayo wengine wanaiweka kwenye programu zao) ka lugha ya Python, chanzo huria, yaani kodi yake ipo wazi kwa yeyote, kazi yake ni saa na tarehe kwa Kiswahili. Jina nalihifadhi. Tupo kama saba tunaochangia, hakuna anayelipwa, mwenye mradi tumuite Mkuu anakaa mbali, na mwaka huu alinipa ruhusa ya kumeji (kuingiza mabadiliko ya watu kwenye mradi) na kutoa matoleo mwenyewe kwa sababu nilikuwa nachangia sana. Nilifurahi mpaka nikamwambia wife, akauliza wanakupa shilingi ngapi, mazungumzo yakaishia hapo.

Sasa kuna fanksheni moja mle, unaipa muda inakurudishia saa. Toka zamani inarudisha saa ya kizungu, yaani ukiipa 14:00 inakupa 14, kazi ya kutoa sita ili upate saa 8 unafanya mwenyewe. Hiyo kitu ilikuwa inanikera, laibrari ya Kiswahili inasema saa kumi na nne, nani anaongea hivyo hapa Ujiji? Basi Jumatano iliyopita usiku nikairekebisha itoe sita yenyewe. Tesiti mbili (majaribio yanayokagua kodi) zikafeli, nikazibadilisha tesiti zikubali (najua, najua). Nikatoa toleo kutoka 1.4.1 kwenda 1.4.2, kwenye maelezo nikaandika "marekebisho madogo", nikalala zangu.

Kumbe waliokuwa wanaitumia wote walishaweka ile kutoa sita kwenye kodi zao. Kwa hiyo sita ikawa inatolewa mara mbili. Saa 8 mchana inasoma saa 2. Saa 12 alfajiri inasoma saa 6.

Ingekuwa ni seva ya mtu huko Ulaya labda ningelala. Ila mtumiaji mmoja ni jamaa wa hukuhuku Kigoma, anatuma SMS kwa abiria wa zile boti za Kibirizi na vijiji vya kaskazini njia ya Gombe. Jumamosi nimeenda Kibirizi kutafuta samaki nikamkuta mama mmoja kazungukwa na wenzake anawaonesha simu, ile ya batani, kioo kimepasuka pembeni. BOTI SAA 6. FIKA MAPEMA. Anasema "mimi nimeshuka ufukweni saa tano na nusu na tenga langu naambiwa boti imeondoka toka alfajiri na jua halijatoka". Ijumaa hiyo, kule Mwamgongo. Migebuka mibichi ya usiku, tenga zima, ikabidi abanike hivyohivyo na mingine akawagawia majirani. Mimi nimesimama na kikapu changu nasikiliza. Sikusema kitu. Nikaenda kununua kwa mtu mwingine.

Kurudi nyumbani nikafanya ujinga wa pili ambao kwa maoni yangu ni mkubwa kuliko wa kwanza. Badala ya kurudisha kiungwana, nikaifuta ile komiti (badiliko lililohifadhiwa) kwenye historia kabisa, nikapushi main kwa --force, yaani nikaipandisha historia yangu kwa nguvu juu ya ile ya mradi mzima, nikitegemea ionekane kama haijawahi kuwepo. Sikukumbuka kwamba kati ya Jumatano na Jumamosi kuna komiti tatu za watu wengine zimeingia, nazo zikaenda na maji. Na toleo lenyewe 1.4.2 bado lipo PyPI, ghala la mtandaoni la laibrari za Python, watu wanaendelea kulishusha.

Sasa linaloninyima usingizi. Kuna binti mwanafunzi yupo Tabora, PR yake (ombi la kuingiza mabadiliko) ya kwanza maishani ilimejiwa Alhamisi. Iligusa faili lilelile lakini mistari mingine kabisa, alisahihisha "Disemba" ikawa "Desemba", basi. Kwenye grupu watu wakaanza, "toka PR ya huyu mgeni iingie mambo hayaendi". Mkuu yupo safarini anasoma kwa simu, akaandika "dada hebu pitia tena kazi yako". Binti ameomba msamaha. Mara tatu. Kwa kosa ambalo halijui na hawezi kulijua maana komiti yenyewe nimeshaifuta. Mimi nimesoma zote, tiki za bluu zimeonekana, nimekaa kimya, leo siku ya tatu.

Nauliza: nakiri vipi? Naenda kwa Mkuu inboksi kwanza au naandika mbele ya wote? Na kitaalamu naanza na lipi? Kusema kweli naogopa kunyang'anywa ruhusa, ndio kitu pekee nilichonacho cha kuonesha nikiomba kazi.

---

kobe_wa_ziwa

Kaka tulia unajipa presha bure. Leseni umeisoma? Kama ni MIT imeandikwa wazi kabisa programu inatolewa kama ilivyo bila dhamana ya aina yoyote. Anayetumia cha bure ajitegemee. Toa 1.4.3 kimyakimya irudi ilivyokuwa, wiki ijayo hakuna anayekumbuka. Huyo binti ndio kwanza anajifunza, atazoea.

---

BintiWaIsevya (Tabora)

"Atazoea". Kobe wewe una dada?

Nitarudi, nipo kazini.

---

AsaliMbichi (Tabora)

Mdogo wangu Mgebuka, mimi nimeandika hizi kodi toka tunatumia modemu za kuchomeka kwenye leptopu, nikwambie ninavyoona.

Kwanza leseni. Kobe yuko sahihi kwamba hakuna atakayekupeleka mahakamani. Lakini swali lako halikuwa la mahakama, wewe umeuliza habari ya tenga la migebuka na habari ya binti anayeomba msamaha usio wake, leseni haijagusa hata kimoja.

Halafu jua kitu, unajificha mahali ambapo hapana mlango. GitHub, mtandao wa kuhifadhi kodi za miradi, ina ukurasa wa shughuli za repo (hifadhi ya mradi), pale inaonekana nani kapushi nini na kama ni kwa force, na lini. Mkuu akishuka safari akikaa kwenye kompyuta dakika tano atakuona. Kwa hiyo huchagui kujulikana au kutojulikana, unachagua tu ajue kutoka kwako au aje akukute.

Sasa kazi. Usiguse repo kwanza, mikono mbali. Andika kwenye grupu: yeyote aliyefanya pull (kuvuta kodi mpya kwenye mashine yake) kati ya Alhamisi na Jumamosi asifanye pull tena wala asifute folda. Komiti tatu zilizopotea zipo kwenye mashine ya mtu, labda zaidi ya mmoja. Hata kama mtu ameshavuta mpya juu yake, reflog yake (daftari la git, programu inayotunza historia ya kodi) inazikumbuka, kwa kawaida git haisafishi komiti zisizoshikwa na branchi (tawi la kodi) mpaka zipite siku 30. Kwa hiyo hujaua, umejeruhi. Na siku nyingine ukilazimika kabisa tumia --force-with-lease, ile ingekukatalia palepale kwa sababu kule mbele kulikuwa na vitu ambavyo mashine yako haijawahi kuviona.

Kosa kama la kwako limeshafanywa na watu wakubwa kuliko wewe. Novemba 2013 mchangiaji mmoja wa Jenkins, mradi mwingine wa chanzo huria, alipushi kwa force bahati mbaya repo 186 kwa mpigo, sio moja, 186. Alijitokeza mwenyewe akasema ni mimi, GitHub wakasaidia kutafuta zilipokuwa zinaelekea branchi kabla ya ajali, zikarudishwa. Na GitLab, kampuni ya kuhifadhi kodi kama GitHub, usiku wa Januari 31, 2017 fundi wao kachoka akafuta folda ya databesi kwenye seva ambayo siyo, alivyoshtuka akakatisha kati ya gigabaiti kama 300 zimebaki 4.5. Walifungua hati yao ya kazi kila mtu asome wanavyohangaika, wakarusha zoezi laivu YouTube. Na jina la yule fundi hawakuliweka, kwenye ripoti ameandikwa mwanatimu wa 1. Data za masaa kama sita zilipotea moja kwa moja.

Toleo baya: PyPI kuna kitu kinaitwa yank (kuliweka toleo pembeni bila kulifuta), ukiifanyia 1.4.2 basi pip, programu ya kushusha laibrari, inairuka, isipokuwa kwa mtu aliyeandika namba hiyohiyo kamili na ==. Usilifute ukadhani utapandisha lingine kwa namba ileile, PyPI hairuhusu faili la jina lilelile mara ya pili hata kama la kwanza ulishalifuta. Baada ya hapo 1.4.3 yenye tabia ya 1.4.1.

LAKINI hapa ndio watu wengi wanaharibu mara ya pili. Yule jamaa wa SMS inawezekana kabisa ameshashtuka, ameenda kwenye kodi yake ameondoa ile kutoa sita yake ili mambo yakae sawa. Ukitoa 1.4.3 kimyakimya kama alivyokushauri Kobe, kesho abiria wanaambiwa boti saa 14. Kwa hiyo mpigie KABLA. Upo naye mji mmoja bwana, mfuate.

Na hilo wazo lako la saa zetu silo baya, mimi nalipenda. Lakini fanksheni ya zamani iache ilale na wenyewe walioizoea, tengeneza mpya, ipe jina lake, itoke 1.5.0, ya zamani itoe onyo kwa miezi kadhaa. Ukitaka kweli kubadilisha maana ya ile ya zamani basi ni 2.0.0, namba ya mbele ndiyo inayomwambia mtu simama usome. "Marekebisho madogo" halafu umebadilisha saa ya watu, aisee.

---

kobe_wa_ziwa

Masaa sita tena huko GitLab, hii namba ina nini na nyie

Ila la saa 14 sikuliwaza. Sawa mzee.

---

fundi_gungu (Kigoma)

Mimi niseme upande wa pili maana naona wote mnamwangukia Mgebuka. Huyo jamaa wa SMS naye ana lake. Unatumaje ujumbe BOTI SAA 6 bila kuandika mchana, usiku wala alfajiri? Mtu yeyote wa hapa anajua saa 12 zipo mbili. Angeandika neno alfajiri yule mama angesoma "saa 6 alfajiri" akajua hapa kuna kitu hakiko sawa, angeuliza jirani. Pia kuacha seva ivute toleo jipya yenyewe usiku bila mtu kuangalia kwenye kazi ya abiria ni kama kumwachia utingo usukani. Simtetei Mgebuka, nasema tu makosa yamepangana.

---

AsaliMbichi (Tabora)

Fundi umesema kweli tupu na hilo neno la alfajiri apelekewe. Ila asipelekewe na Mgebuka kwenye ujumbe uleule wa kukiri. Aliyekukanyaga hakwambii samahani ila na wewe vidole umeviacha njiani.

---

MgebukaMkavu

Asanteni sana wakuu, mzee Asali nimekuelewa. Nimeandika rasimu naomba mniangalizie kabla sijaituma:

"Wapendwa wanatimu, kutokana na changamoto za kiufundi zilizojitokeza katika toleo lililopita, kumekuwepo na usumbufu kwa baadhi ya watumiaji. Aidha baadhi ya komiti ziliathirika. Tunaomba radhi kwa yeyote aliyeguswa na hali hii. Jitihada za kurejesha zinaendelea."

---

BintiWaIsevya (Tabora)

Nimerudi na nimekuta hiki kitu.

Kaka hii ni barua ya kukatika maji. "Kumekuwepo na usumbufu", ulikuwepo umetoka wapi, umenyesha na mvua? "Komiti ziliathirika", zilijiathiri? "Tunaomba radhi", tunaomba nani na nani, mlikuwa wangapi kwenye hiyo leptopu Jumamosi usiku? Nimeisoma mara mbili nikitafuta mtu aliyefanya kitu, hayupo.

Na yule binti hayumo kabisa. Hata kwa herufi moja.

Nikuambie kwa nini nimekasirika. Mwaka wangu wa kwanza kazini, sisemi wapi, mfumo wa malipo ulirudia kukata watu mara mbili siku moja baada ya mimi kugusa kitu kidogo tu, rangi ya batani. Kikao kizima wananiangalia. Nilikaa wiki tatu nasoma kodi yangu ya rangi ya batani usiku mpaka saa nane kutafuta inawezaje kukata hela ya mtu. Wiki tatu. Nikaanza kuamini labda kweli ni mimi kuna kitu sikielewi. Aliyefanya alikuwa anakaa meza ya pili kutoka kwangu na mchana tunaenda kula wote wali maharage. Alikuja kukiri kwa bosi inboksi, faragha, yakaisha kwao wawili. Kwangu hakuna aliyekuja kusema lolote, mpaka leo kuna watu pale wanajua ni mimi.

Kwa hiyo swali lako la inboksi au mbele ya wote: alikosemewa binti ndiko umsafishe. Amesemwa kwenye grupu, basi kwenye grupu. Mkuu mpigie dakika tano kabla asishtukizwe, ni heshima, lakini simu isiwe ndio mwisho wa habari. Na mstari wa kwanza uwe ni wake huyo binti, sio wako, kwa sababu watu wakisoma kwa simu wanasoma mstari wa kwanza tu wanaenda kupika.

Usiseme umeme ulikuwa unakatika, usiseme ulikuwa umechoka, hata kama ni kweli. Usijilaani pia, zile za "mimi ni mtu mbaya sijui kwa nini niliaminiwa", ukiandika hivyo watu wataacha kazi waanze kukubembeleza wewe. Sema ulifanya nini, siku gani, saa ngapi (saa ZETU tafadhali), kimeharibu nini, sasa hivi watu wafanye nini. Basi.

---

MgebukaMkavu

Dada umenichapa lakini nimepokea. Naiandika upya. Nikishatuma nitawaletea mrejesho, nisipoleta mjue nimezama ziwani.

---

kobe_wa_ziwa

Ukizama nifahamishe nije nichukue leptopu

---

MgebukaMkavu – Ijumaa

Nimerudi, sijazama.

Jumatano asubuhi nilimpigia Mkuu. Alinyamaza muda hadi nikadhani laini imekatika, halafu akasema "andika". Hakusema kingine. Nikaandika hivi kwenye grupu na kwenye repo, naiweka yote kama ilivyo ila jina la binti nimelitoa:

"PR ya [binti] haikuharibu chochote. Alisahihisha majina ya miezi na ilikuwa sahihi. Aliyeharibu ni mimi. Jumatano usiku nilibadilisha fanksheni ya saa itoe sita yenyewe, nikabadilisha tesiti zilizofeli zipite, nikatoa 1.4.2 bila kumuuliza mtu na nikaandika ni marekebisho madogo. Jumamosi saa 4 usiku nilipushi kwa force kwenye main ili komiti yangu isionekane, nikapoteza komiti tatu za wenzangu. Nilisoma mlivyomuuliza [binti] na nilinyamaza siku tatu. Kwa sasa: msitumie 1.4.2. Aliyefanya pull kabla ya Jumamosi usiku asifanye pull tena, aniambie. Kama ulishaondoa kutoa sita kwenye kodi yako kwa sababu ya 1.4.2, niandikie kabla sijatoa 1.4.3. Samahani [binti]. Samahani wote."

Kwa dakika kama arobaini hakuna aliyejibu. Nilienda kuosha vyombo, sijawahi kuosha vyombo Jumatano asubuhi toka nimeoa.

Wa kwanza kujibu mnajua ni nani? Binti mwenyewe. Ameandika "Mimi nina zote tatu, nilivuta Ijumaa. Naziweka kwenye branchi gani?" Ndio hivyo, zilikuwa kwenye leptopu yake muda wote. Alikuwa ameacha kugusa ile folda toka walivyomsema, kwa woga. Komiti zimerudi zote. Baadaye nilimwandikia peke yake pia, akajibu "Sawa kaka, nimeelewa. Ila siku ile sikulala." Sikuwa na cha kujibu, na sijajibu mpaka sasa, sijui niandike nini.

Jamaa wa SMS mzee Asali ulimwona kabla hajatokea, kweli alikuwa ameshaondoa sita yake toka Jumamosi. Nilimfuata ofisini kwake, amefoka kidogo, ana haki, halafu tukakaa tukapanga, tumerudisha mstari wake na kutoa 1.4.3 kwa pamoja usiku huohuo tukiwa tunaangalia SMS ya majaribio kwenye simu yangu na yake. La neno alfajiri alilisema mwenyewe kabla sijafungua mdomo, kwa hiyo fundi_gungu usijali.

Ruhusa ya kutoa matoleo nimenyang'anywa kwa sasa, ya kumeji imebaki. Mkuu amefunga main haipokei force ya mtu yeyote hata yeye, na toleo lolote sasa linahitaji macho ya mtu wa pili. Niliumia, sitaki kudanganya, nilikaa nje muda mrefu. Wa macho ya pili kwenye mambo ya tarehe amewekwa binti.

Leo asubuhi nimeenda Kibirizi. Yule mama alikuwepo. Nikajaribu kumweleza, nikaanza na laibrari nikaona naharibu, nikasema tu mama ile saa sita ya kwenye simu niliiandika mimi. Akaniangalia juu mpaka chini. Akasema "wewe ndiye saa?" Nikasema ndio. Akaita wenzake, "njooni muone saa". Wamenicheka pale mpaka wavuvi wakaja. Halafu akanifungia migebuka minne kwa bei ambayo hata mtalii wa Gombe angelalamika, nikalipa.

---

BintiWaIsevya (Tabora)

Mjibu. Hata kama huna cha kuandika, andika "nimesoma". Usimwache na tiki za bluu tena.

---

kobe_wa_ziwa

Saa mwenyewe kumbe. Haya bwana Saa, hiyo 1.5.0 inatoka saa ngapi

---

MgebukaMkavu

Sijui mkuu, muulize binti, ipo kwake inakaguliwa. Ameshanirudishia mara mbili.